Kipupwe Moshi: Nani Anabandika Maharage?

Juni ikishaingia, Moshi inabadilika. Mlima unajifunika mawingu kutwa nzima, jua linakuja kama mgeni, na asubuhi kila mtu kajikunyata ndani ya sweta. Sisi wa mjini tunalalamika, lakini waulize wenzetu wa Marangu, Kibosho na Old Moshi kule juu, ndio watakuambia baridi ni kitu gani. Mpaka Agosti, ni kipupwe tu.

Na njaa ya kipupwe unaijua. Unatoka kazini saa 12 jioni, giza linaingia, vidole vimekufa ganzi, na kinachokuita ni harufu ya chipsi pale kona. Sahani moja, pilipili kwa mbali, soda, kwisha habari. Saa 4 usiku tumbo linauliza tena. Fanya hivyo wiki tatu mfululizo: choo kinakuwa kigumu, sketi ya ofisini inabana, na wa kulaumiwa ni nani kama si mwenzako?

Mimi na mume wangu tulifika hapo. Mimi ni Mchaga wa Marangu, yeye ni mtu wa Tanga. Ugomvi wetu wa kipupwe haukuwa wa pesa wala wa meseji za kwenye simu. Ulikuwa wa sufuria. "Mke wangu, chipsi tena?" ananiuliza. Namjibu: "Na wewe uliyefika nyumbani tangu saa 10, umebandika nini?"

Jibu la mlimani

Ukipanda mlimani utakuta kihamba: migomba, kahawa, magimbi na maharage, vyote kwenye shamba moja mlangoni pa nyumba. Humo ndimo vyakula vya baridi vinamotoka. Kuna mtori, ndizi zilizopondwa na supu ya nyama, ambao hata mama aliyejifungua hunyweshwa apate nguvu. Kuna makande ya mahindi na maharage. Na kuna kiburu, ndizi na maharage katika chungu kimoja.

Mtori ni mtamu, sikatai. Lakini ukitaka nyuzinyuzi, zile ambazo wataalamu wa lishe wanaziita makapimlo, shika kiburu na makande. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 kwamba mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kinakupa zaidi ya gramu 10. Ongeza mboga ya mnafu na nusu parachichi, umefika mbali. Ndizi mbichi nazo zina wanga ambao sehemu yake haimeng'enywi haraka, ndiyo maana shibe yake inakaa.

Mambo haya si mageni kwetu Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, ndiye aliyepigia debe nyuzinyuzi duniani katika miaka ya 1970, baada ya kulinganisha vyakula na maradhi ya watu wa vijijini Afrika na yale ya Wazungu.

Bei si tatizo, tatizo ni saa

Maharage na ndizi za Soko la Mbuyuni hazimtishi mtu mwenye mshahara. Kinachotushinda ni muda. Chungu cha bibi kilikaa mafigani mchana kutwa kwa sababu bibi mwenyewe alikuwepo, akikiangalia huku akifanya kazi nyingine kumi. Leo wote wawili tunatoka asubuhi. Ukimwambia mkeo "nimekumiss kiburu", ujue unamwomba saa mbili za jikoni baada ya kutwa ya ofisini.

Kwa hiyo tuligawana saa. Mimi naloweka maharage usiku. Yeye anayewahi kurudi anabandika. Nikifika, namenya ndizi tunamalizia pamoja. Shangazi yangu alipomkuta na mwiko alishika kiuno: "Baba, umeolewa wewe?" Mume wangu akacheka: "Shangazi, baridi haichagui mwanaume. Karibu uonje." Shangazi alikula, akaomba cha kubeba.

Kiburu chetu cha watu wawili

Mahitaji: kikombe 1 cha maharage makavu, ndizi mchare mbichi 6, kitunguu, karoti 1, nyanya 2, chumvi, na nusu kikombe cha tui la nazi. Tui si la Uchagani, ni mahari ya Tanga.

Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mengine. Chemsha kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, kisha punguza moto mpaka yalainike kabisa, kama saa moja na nusu. Presha kuka itakuokolea muda na mkaa. Usikimbilie magadi: yanalainisha haraka, lakini yanapunguza vitamini na kuongeza chumvi mwilini.

Paka mafuta mikononi utomvu usikuchafue, menya ndizi, katakata, changanya na maharage pamoja na kitunguu, karoti na nyanya. Ndizi zikiiva, ponda kidogo, mimina tui, koroga taratibu dakika 5. Kula na mnafu.

Ukipika maharage mengi Jumapili, yagawe kwenye vibakuli: ya siku tatu kwenye friji, mengine kwenye friza.

Angalizo kwa wapendanao

Kama tumbo limezoea chipsi, anza na kiasi kidogo, uongeze wiki hadi wiki, la sivyo gesi itawatenganisha kitandani kabla ya ugomvi wowote. Kunywa maji pia. Baridi inatusahaulisha, na nyuzinyuzi bila maji zinaweza kukaza choo badala ya kukilainisha. Mwenye ugonjwa wa tumbo aongee kwanza na daktari wake.

Basi leo, kabla hamjazima taa, ulizaneni swali moja tu: nani analoweka, nani anabandika? Mkishajibiana hilo, kipupwe kije.