Kufuli si Badala ya Mwalimu

Katika shule moja ya sekondari ya mkoa huu, ambayo hatutaitaja kwa kuwa hatukusudii kumwaibisha mtu, kipo chumba chenye kompyuta kumi na tano. Tulipofika hapo tulikuta mlango umefungwa, na vumbi limetanda juu ya kufuli lenyewe. Tulielezwa kuwa chumba hicho kilifungwa muhula uliopita, baada ya wanafunzi kukutwa wakitazama picha chafu katika intaneti. Tulielezwa pia kuwa kompyuta mpakato mpya, iliyonunuliwa kwa michango ya wazazi ili mwalimu aitumie kufundishia, imewekwa kabatini kwa sababu ni mbovu. Na wapo wanafunzi wa kidato cha nne shuleni hapo watakaofanya mtihani wa somo la kompyuta mwishoni mwa mwaka.

Ndugu wasomaji, hayo yanaonekana kuwa mambo mawili mbali mbali. Sisi tunasema ni jambo moja. Katika yote mawili chombo kililetwa bila maarifa ya kukitumia, na kilipoleta taabu kikafungiwa.

Tuanze na kompyuta mpakato. Muuzaji aliwashawishi wajumbe wa kamati wanunue ile iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta, kwa hoja kwamba yenye nguvu zaidi ndiyo bora zaidi. Baada ya wiki chache ikawa nzito katika kazi, inapata joto kali, betri inapungua hali imeunganishwa na umeme, na mwishowe inazimika ghafla. Fundi mmoja alitaka kuifungua. Kwa bahati njema, mwalimu wa fizikia alikataa.

Tuliomba tuione. Ilikuwa imewekwa juu ya kitambaa kinene cha meza, na matundu yake ya hewa yaliyo upande wa chini yameziba. Chaja iliyotumika ilikuwa ya kompyuta nyingine, ya wati 65, nayo ilikubali kuingia katika tundu. Chaja yake halisi, ya wati 230, ilikuwa ndani ya boksi, haijaguswa. Mashine ya namna hiyo kwa kawaida huwa na vichakataji viwili vya picha, kimoja cha kazi nyepesi na kimoja cha kazi nzito. Ikikosa umeme wa kutosha hupunguza kasi yake na kuanza kula akiba ya betri. Joto likizidi kipimo hujizima yenyewe ili isiungue. Mashine ile basi haikuwa mbovu. Ilikuwa inajiokoa.

Mwalimu yule aliiweka juu ya ubao mgumu, akaiunganisha na chaja yake, akaweka masahihisho mapya ya programu kutoka kwa mtengenezaji, pamoja na programu endeshi ya kichakataji cha picha. Siku hiyo ilifanya kazi mpaka jioni bila kuzimika. Na kama ingeendelea kusumbua, dawa ingekuwa kuirejesha kwa muuzaji wakati dhamana haijaisha. Kumpa fundi wa mitaani aifungue kungeweza kuipotezea shule haki hiyo. Funzo hapa ni kwamba uchunguzi wa chombo huanza na mambo mepesi: umeme, hewa na programu. Anayeanza kwa bisibisi amekosea mlango.

Sasa tuje kwenye tovuti chafu. Shule ililipa fundi azizuie, naye akaandika majina ya tovuti kadhaa katika faili la kila kompyuta liitwalo hosts. Kazi ya faili hilo ni kuielekeza kompyuta jina fulani linapatikana katika anwani gani. Ukiandika kwamba jina la tovuti lipo katika anwani 127.0.0.1, yaani ndani ya kompyuta hiyo hiyo, mtumiaji hatafika popote. Njia hii ni ya kweli, lakini ni dhaifu. Tovuti za namna hiyo ni nyingi kupita kiasi na mpya huzaliwa kila siku, kwa hiyo orodha haiwezi kukamilika. Isitoshe, wanafunzi wote walikuwa wakiingia kwa akaunti moja yenye mamlaka yote ya msimamizi. Mtoto mmoja mwerevu alilifungua faili, akafuta mistari, na kazi ya fundi ikaisha kwa dakika moja.

Zipo njia zilizo bora, na nyingi hazigharimu fedha. Kwanza, akaunti ya msimamizi iwe ya mwalimu, yenye neno lake la siri, na wanafunzi wapewe akaunti za kawaida zisizoweza kubadilisha mipangilio wala kuweka programu. Pili, kizuizi kiwekwe langoni, yaani kwenye ruta inayoleta intaneti shuleni, badala ya kuwekwa kwenye kila mashine. Ruta inaweza kuelekezwa kuuliza anwani za tovuti kwa seva zinazokataa kutoa anwani za tovuti chafu. Kampuni ya Cloudflare ilianzisha huduma hiyo bila malipo mwaka 2020, kwa anwani 1.1.1.3. Tatu, utafutaji salama uwashwe katika mitambo ya kutafutia habari. Nne, meza zipangwe ili mwalimu avione vioo vyote kwa mtazamo mmoja. Hii ya nne haihitaji fundi wala umeme.

Hata hivyo, hatutaki kumdanganya mtu. Vivinjari vya siku hizi vinaweza kuuliza anwani kwa njia ya siri, vikaipita ruta. Programu za VPN hufanya vivyo hivyo. Mwanafunzi mwenye simu yenye bando lake hapiti katika lango la shule kamwe. Tena vizuizi hukosea upande wa pili pia: kizuizi kinachochuja maneno matupu kinaweza kumkatalia binti anayesoma habari za saratani ya matiti kwa ajili ya somo la biolojia. Ni dhahiri, basi, kwamba kila kizuizi kinahitaji mtu mwenye akili karibu yake, anayejua lini akifungue na kwa nini.

Wenzetu wa Marekani walilijua hili kwa kupita njia ndefu. Mwaka 2000 walitunga sheria inayozitaka shule na maktaba zinazopokea unafuu wa Serikali yao katika gharama za intaneti ziweke vichujio vya picha chafu. Mwaka 2008 wakaiongezea sharti lingine, kwamba shule hizo ziwafundishe watoto mwenendo mwema katika mtandao. Kwa maneno mengine, hata taifa lenye mafundi na fedha tele liliona kuwa kichujio pekee hakitoshi.

Nasi tunayo historia yetu. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kutoridhishwa na matokeo ya mashine hizo katika hesabu za Serikali. Hatuwalaumu wazee wetu, kwani walikuwa wakilinda fedha chache za taifa changa. Lakini marufuku hiyo haikutuzalishia mafundi. Ilipolegezwa, tulianza kujifunza yale ambayo wengine walikwisha kuyazoea. Sisi wa rika hili tulimaliza shule ya msingi bila kuigusa kompyuta hata moja. Hatuoni sababu ya watoto wetu kurithi upungufu huo hali mashine zipo, tena nyuma ya mlango mmoja tu.

Tuliosoma chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tunakumbuka jinsi tulivyofunzwa. Mwalimu alikuwa na makatazo mengi, na bakora pia alikuwa nayo. Lakini hakuishia katika kukataza. Alimkalisha mtoto mbele yake, akamsikiliza herufi kwa herufi, akamsahihisha hapo hapo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hakuna malezi yanayofanyika nje ya mlango uliofungwa.

Kwa maoni yetu, bodi za shule hazina budi kutenga sehemu ya fedha za kununulia vifaa kwa ajili ya kuwafunza walimu wawili au watatu wa kila shule, ili ujuzi usiondoke na fundi wa kukodi. Kila chumba cha kompyuta kiwe na daftari la kuandikia hitilafu na dawa yake. Wazazi nao waelezwe ni nini kimezuiwa na kwa nini, maana simu wanazowanunulia watoto wao zimo katika jambo hili.

Mwalimu wa fizikia wa shule ile ametuambia kuwa yu tayari kuifanya kazi hiyo katika siku zake za mapumziko. Kinachobakia ni kupewa ufunguo. Tunaomba apewe kesho, kwani mtihani hautawasubiri wanafunzi wake.