Je, wajua? Redusa huchorwa kwa kuanzia maji

Redusa ni kile kiungio kifupi ambacho fundi bomba hukitumia kuunganisha bomba la inchi moja na la nusu inchi. Ukiishika mkononi haina cha ajabu. Kazi ipo kuichora kwenye kompyuta.

Kwanza, majina ya mabomba yanadanganya. Kwa viwango vya Marekani, bomba la chuma la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 21.3, na lile la daraja la 40 la unene wa ukuta lina tundu la milimita 15.8. Nusu inchi yenyewe, yaani milimita 12.7, huioni nje wala ndani! Bomba likiwa nene zaidi, nje halibadiliki, kwa sababu hesi lazima ziingiane na viungio vilevile. Unene wote hula tundu. Bomba la inchi moja la daraja la 40 lina tundu la milimita 26.6, la daraja la 80 lina 24.3. Ukifuata majina utadhani maji yakitoka inchi moja kuingia nusu inchi kasi hupanda mara 4. Kwa matundu ya daraja la 40, ni kama mara 2.8 tu.

Pili, kuna umbo lenyewe. Redusa iliyonyooka haisumbui. Katika programu kama FreeCAD, unachora nusu ya mkato wake, unauzungusha nyuzi 360, basi. Kinachosumbua ni kiwiko kinachoanza kipana na kuishia chembamba. Amri ya kukomba ndani huacha ukuta wenye unene uleule kote, ilhali kiungio halisi hunenepa penye hesi. Wajuzi huyachora maji kwanza: duara moja kila mdomo, programu iyaunganishe kwa kufuata mkunjo, lipatikane gimba zima la maji. Gimba hilo hutolewa ndani ya umbo la nje, kinachobaki ndicho chuma. Na gimba lilelile hutumika kupima mtiririko, kwa hiyo halitupwi.

Ipo pia redusa ya upande, inayowekwa kwenye bomba la kulala linalopeleka maji kwenye pampu. Kwa kawaida ubavu wake ulionyooka huwa juu, hewa isijikusanye hapo na kuivuruga pampu. Hii haizungushwi, maana midomo yake haina mhimili mmoja. Kwa matundu yaleyale ya daraja la 40, unapandisha duara dogo milimita 5.4, yaani nusu ya tofauti ya vipenyo, kingo za juu zilingane, ndipo unayaunganisha maduara mawili.