Mwanao Yuko Wapi Saa Tano Usiku?

Je, mama, ungemruhusu mwanao wa miaka 14 hivi afanye kazi ya kuzunguka mjini hadi usiku? Swali hilo liliingia katika nyumba moja ya wahamiaji karibu na Pittsburgh, Marekani, yapata mwaka 1850.

Familia ya Carnegie ilitoka Scotland mwaka 1848. Baba alikuwa mfumaji wa nguo kwa mkono, na mashine za mvuke zilikuwa zimemnyang'anya riziki. Mama, Margaret, alishona viatu nyumbani. Ofisi ya telegramu ilipohitaji tarishi kwa dola 2.50 kwa juma, mama aliafiki mwanawe Andrew aende. Baba alisita: mtoto ni mdogo, na usiku huenda akatumwa nje ya mji. Mwishowe alikubali. Sisi tuliowahi kutazama chungu kitupu hatuwezi kumhukumu mama yule.

Siku moja kati ya kila mbili, Andrew alibaki zamu hadi ofisi ifungwe, akafika nyumbani karibu saa tano usiku. Alikariri majina ya maduka ya kila mtaa. Asubuhi, matarishi walipofanya usafi ofisini, alijifunza mitambo kabla wakubwa hawajaingia. Baadaye akawa tajiri mkubwa wa chuma, na hadithi yake ikapendwa mno, pengine kupita kiasi.

Maana wengi wa matarishi hawakupata utajiri wowote. Mwaka 1908 mwalimu mmoja, Lewis Hine, aliacha ualimu akawa mpiga picha wa Kamati ya Taifa ya Kazi za Watoto. Katika miji mbalimbali aliwakuta wavulana wa telegramu wakiwa kazini usiku, nao wakamweleza waziwazi walikotumwa: madanguroni, kupeleka ujumbe, chakula, hata pombe na kasumba. Huko bahashishi ilikuwa nono. Mama nyumbani aliona sare na mshahara. Hakuuona mlango uliogongwa.

Ushahidi wa namna hiyo ulizaa matunda. Mwaka 1910 jimbo la New York lilipiga marufuku, katika miji mikubwa, vijana wa chini ya miaka 21 kupeleka ujumbe kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Majimbo mengine yalifuata. Mchana, wavulana wadogo waliendelea kukimbia na bahasha zao.