Mbalamwezi ya Mvuvi Mzee

Katika nyumba nyingi za Waislamu mwezi huangaliwa kwa ajili ya saumu na Idi. Lakini huku kwetu Mirongo, ambako mto wenye jina hilo hupita katika mji wa Mwanza na kumwaga maji yake ziwani, wapo watu wauhesabuo mwezi kila usiku, mwaka mzima, ingawa wengi wao hawakusoma elimu ya nyota. Hao ni wavuvi wa dagaa. Kwao mwezi una mafungu mawili tu: giza na mbalamwezi. Giza ni kazi, na mbalamwezi ni mapumziko.

Sababu yake ni hii. Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, na siku hizi wengi hutumia taa za umeme wa jua. Taa ikielea juu ya maji usiku wa giza, vijidudu huifuata nuru, na dagaa huvifuata vijidudu, hata wakusanyike mahali pamoja nao wavuvi wawazungushie wavu. Lakini mwezi ukikaribia kujaa, nuru hutandaa juu ya ziwa zima, na taa ya mvuvi hupotewa na nguvu yake. Ndipo mitumbwi inapopandishwa mchangani, nyavu zikatandazwa zishonwe, na kambi za visiwani zikapungua watu. Basi msimu wa dagaa hauishi mara moja kwa mwaka. Huisha mara 12 katika mwaka wetu wa Hijra.

Tena angalia, siku za tarehe 13, 14 na 15, zile siku nyeupe ambazo ni sunna kuzifunga, ndizo zimkutazo mvuvi yuko nchi kavu pamoja na watoto wake. Sisemi ya kuwa hiyo ndiyo hekima ya sunna hiyo. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Lakini mtu aliyevuta kamba usiku kucha kwa majuma mawili au zaidi, akipata siku hizo hana udhuru mkubwa.

Yupo mzee mmoja hapa kwetu, ambaye wajukuu zake husoma chuoni kwangu. Alianza uvuvi wakati furu walipokuwa wamejaa tele katika ghuba ya Mwanza. Sangara walikwisha kutiwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950, lakini huku walienea khasa katika miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Dagaa akastahimili. Mzee husema sangara ana wenyewe huko ng'ambo, bali dagaa ni wa sufuria ya maskini.

Mwezi uliopita, mbalamwezi ilipoingia, alinijia baada ya sala ya Isha. Walikuwa wamekwisha kufanya hesabu. Kwa desturi yao, hutolewa kwanza gharama za mafuta na chakula, kisha tajiri, yaani mwenye mtumbwi, huchukua haki yake, na kinachosalia hugawanywa kwa wavuvi. Alikuwa na fungu lake mkononi, kamili kama la vijana.

"Maalim," akaniuliza, "fedha hizi ni halali yangu? Macho hayaoni tena, na mgongo hauvuti wavu. Nakaa mtumboni kama mzigo, na vijana wananistahi."

Nilimjibu ya kuwa asili ya jambo hili ni ridhaa: ikiwa wenziwe wamejua hali yake na wamempa kwa moyo safi, basi ni halali. Hakuridhika. Alisema kijana hawezi kumwambia babu yake hapana, na kunyamaza kwa haya si ridhaa. Nikaona swali lake limeipita elimu yangu niliyomjibu.

Mwaka 2024 serikali ililifunga ziwa Tanganyika kwa uvuvi, tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wazaliane, na wavuvi wa Kigoma wakaona dhiki. Lakini siku ya kufunguliwa waliijua. Mbalamwezi nayo hupita, giza likarudi. Mwili wa mzee ukifungwa haupewi tarehe. Naye mvuvi wa namna hii hana kiinua mgongo. Akitoka mtumbwini, ametoka katika hesabu.

Tulimwita nahodha wake, kijana wa makamo, tukakaa barazani watu watatu. Kwanza alikana kwamba mzee ni mzigo. Nilimwapisha kwa upole, naye akainama, akakiri ya kuwa wenziwe wawili wamekwisha kunung'unika. Mzee akasema, "Sasa tunazungumza." Wakaafikiana asishuke tena ziwani, bali ashone nyavu na kusimamia uanikaji wa dagaa, khasa siku za mvua, ambapo mzigo mzima huweza kuoza na kuishia kuwa chakula cha kuku. Nahodha akataja fungu kamili. Mzee akataka robo. Walishindana hivyo mpaka chai ikapoa, wakakubaliana nusu, ila wavuvi wote waulizwe kwanza, mmoja mmoja, pasipo mzee kuwapo. Waliulizwa, wakaridhia.

Mwanawe mkubwa, achukuaye abiria kwa pikipiki, hakuwamo katika mazungumzo hayo. Nilimsubiri baada ya sala ya Ijumaa, nikamwonyesha kwa hesabu nusu fungu hununua unga wa siku ngapi, na siku ngapi za mwezi zinasalia.