Ng'ombe Asiye na Pembe

Kitendawili!

Tega!

Nina ng'ombe asiye na miguu wala pembe. Hula majani, hunywa maji, na asubuhi ya baridi hutoa moshi.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Karatina? Ahsante. Nimekwenda Karatina, nimezunguka soko zima, nimenunua mkungu wa ndizi, nimekula peke yangu, na sasa nimerudi. Jibu ni lundo la mboji.

Msicheke. Ndani ya lundo mna viumbe wengi kuliko watu wote wa dunia, bakteria na kuvu, wadogo hata macho hayawaoni. Hula, hunywa na kupumua kama ng'ombe zizini. Wakishiba na kufanya kazi pamoja, hutoa joto. Wakikosa kitu kimoja tu, huugua, na lundo likiugua hutoa dalili. Sikilizeni jinsi mjukuu wangu alivyojifunza kuzisoma.

Sisi tunaishi Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, upande wa machweo, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Asubuhi na mapema kilele cha Batian, chenye mita 5,199, kinaonekana wazi. Kufikia saa nne mara nyingi mawingu yameshakifunika. Mvua nyingi hunyesha upande wa pili wa mlima, kule Meru na Embu, nasi wa upande huu hupata kidogo. Usiku ni baridi, mchana upepo hukausha kila kitu. Baridi, ukavu na upepo: shikeni hayo matatu, maana ndiyo humwandama ng'ombe wetu.

Mwezi wa Juni mjukuu wangu, aliye gredi ya tano, alikusanya mabua ya mahindi na majani makavu akayarundika nyuma ya jikoni. Lundo lilifika magotini. Wiki mbili baadaye alikuja kwangu, nyanya yake, amekunja uso.

"Cucu, lundo langu limekataa kuoza."

"Umelipima?"

"Nitalipimaje?"

Nikamchongea fimbo ndefu yenye ncha. Tuliichomeka kwa mshazari mpaka katikati ya lundo, tukaiacha kwa muda, kisha tukaichomoa. Fimbo ya mboji ni kama mkono wa mama kwenye paji la uso la mtoto. Ikitoka na joto, kazi inaendelea. Ikitoka baridi, kuna tatizo. Ikiwa na unga mweupe wa ukungu, lundo lina kiu. Ya mjukuu wangu ilitoka baridi, kavu, tena ikiwa na unga mweupe.

"Ng'ombe wako ana njaa, ana kiu, tena ni mdogo mno," nikamwambia. "Usiku wa Naro Moru unamnyang'anya joto lote."

Tukaanza upya. Lundo linalohifadhi joto lake linahitaji walau mita moja kwenda juu, mita moja upana na mita moja urefu. Tulilisogeza nyuma ya ua, mahali palipokingwa na upepo. Chini tukatandika mabua yaliyokatwakatwa ili hewa ipite. Juu yake tukapanga matabaka: majani makavu, kisha majani mabichi na maganda ya njegere, kisha samadi ya ng'ombe, kisha udongo kidogo, tukarudia. Kila tabaka tulilinyunyizia maji, na mwishoni tukafunika kwa nyasi.

Vitu vikavu vina kaboni, na vibichi na samadi vina naitrojeni. Viumbe wa lundo hupenda kaboni sehemu kama 30 kwa naitrojeni sehemu 1. Ndiyo maana mabua matupu hukaa tu, kama mtu aliyepewa ugali bila mboga. Kupanga matabaka namna hii si jambo la jana. Mwingereza Albert Howard aliyatazama mashamba ya Indore, India, akajifunza kutoka kwa wakulima wa huko, na mwaka 1931 akachapisha kitabu juu ya njia hiyo.

Siku chache baadaye fimbo ilitoka na joto la kumfanya mtoto aiachie. Katikati ya lundo zuri joto hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Alfajiri mvuke ulikuwa ukipanda. Mjukuu wangu alifurahi hata akazidisha mapenzi: kila jioni ndoo ya maji, kila jioni majani ya kabeji kutoka shambani.

Baada ya wiki moja likaanza kunuka kama yai viza.

Hiyo ni dalili ya pili. Maji yakijaza kila tundu, hewa haina pa kupita. Viumbe wanaohitaji hewa hufa, na wale wasioihitaji hushika kazi, nao ndio wenye uvundo. Tulilipindua lundo lote, cha nje kikaingia ndani, cha ndani kikatoka nje, tukichanganya mabua makavu. Kisha nikamfundisha kipimo cha kiganja: fumbata mboji ukamue. Matone mawili matatu yakitoka, inatosha. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Yasipotoka kabisa, ongeza maji. Na ukisikia harufu kali inayowasha pua kama mkojo wa zizi la mbuzi, jua samadi na mabichi vimezidi, na naitrojeni inapotea hewani. Dawa yake ni vikavu vilevile.

Siku nyingine alikuta sisimizi wamejenga humo. Sisimizi hupenda pakavu. Tukapindua na kumwagia maji, wakahama. Panya na mbwa huitwa na mifupa, nyama na mabaki ya vyakula vilivyopikwa, kwa hiyo hivyo hatuweki. Thangari nayo, ile nyasi yenye mizizi mirefu, tunaianika juani mpaka ikauke kabisa, la sivyo itaota humohumo. Na viazi vilivyougua mnyauko havikaribii lundo letu, maana ugonjwa unaweza kurudi shambani pamoja na mbolea.

Tulilipindua kila baada ya wiki tatu. Likapungua, likapungua, hadi nusu ya kimo chake. Katikati ya Oktoba, mawingu ya vuli yakianza kujikusanya, mjukuu wangu alichomoa fimbo akanijia mbio.

"Cucu, limepoa tena! Limekufa!"

"Nusa kwanza."

Akachota kiganjani. Hapakuwa na bua wala jani la kutambulika, ila kitu cheusi, laini, kinachovunjika vidoleni. Akanusa. Kilikuwa na harufu ya msitu mvua inapoanza kunyesha. Akanitazama.

"Mwezi wa Juni lilipoa kwa sababu lilikosa chakula," nikamwambia. "Leo limepoa kwa sababu limemaliza kula."

Siku hiyo tulipanda sukuma wiki, kila shimo viganja viwili vya mboji. Mvua iliponyesha, hatukuyaona maji yakitiririka kutoka kwenye tuta letu, udongo uliyanywa. Fimbo hakuitupa. Aliifuta vumbi, akaiegemeza uani, kando ya rundo jipya la majani.