Insha ya picha ya utamaduni: Mtoto atazame kwanza, kalamu baadaye

Mwanafunzi wa sekondari anarudi nyumbani na swali kwenye daftari: chagua picha moja inayoonesha utamaduni wa jamii mojawapo ya Tanzania, kisha ichambue kwa kuandika insha. Muda aliopewa ni wiki moja. Katika nyumba nyingi linalofuata ni lilelile. Mtoto anaazima simu ya mzazi, anachukua picha ya kwanza mtandaoni, ananakili maneno yaliyo chini yake, na kabla ya chakula cha jioni insha imekwisha.

Mwalimu akiisoma, anakuta maelezo ya kabila badala ya uchambuzi wa picha. Picha yenyewe haijaguswa. Alama zinapungua na mzazi anashangaa, kwa sababu aliona kurasa mbili zimejaa.

Tatizo huwa ni kukosa mpango. Na kwenye mpango ndipo mzazi anaweza kusaidia, hata kama yeye mwenyewe aliacha shule zamani.

Mfano ulio karibu

Kwa familia ya Singida, mfano mzuri uko ndani ya mkoa. Wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, ni moja ya maeneo wanakoishi Wahadzabe. Wengine wako Mbulu, Karatu na Meatu, kuzunguka bonde la Ziwa Eyasi. Wanakadiriwa kuwa zaidi ya 1,000 tu, lakini ni kati ya jamii za Tanzania zinazopigwa picha sana na wageni.

Picha yao iliyozoeleka inajulikana: mwanaume amevaa ngozi ya nyani, ameshika upinde na mishale, amesimama porini, mara nyingine kando ya moto. Chini yake kuna maneno ya kuwaita watu wa kale au watu wa mwisho wa namna yao.

Mtoto akiikubali picha hiyo kama ilivyo, ataandika kwamba Wahadzabe ni watu wanaoishi kama zamani. Sentensi hiyo inaweza kusomwa mbele ya darasa ambamo yumo mtoto wa Kihadzabe, kwa sababu wapo wanaosoma. Atakaa kwenye dawati lake, amevaa sare kama wenzake, akisikia kwamba watu wake ni wa kale. Ndiyo maana kazi hii ina uzito kuliko alama zake.

Hatua ya kwanza: safu tatu kwenye daftari

Kabla ya kuandika insha, mtoto agawe ukurasa katika safu tatu. Ya kwanza aiite “Ninachokiona”, ya pili “Ninachodhani”, ya tatu “Ninachokijua na nilikokipata”.

Safu ya kwanza ipokee vitu vilivyomo kwenye picha tu: upinde, ngozi, majani makavu, mtu mmoja, hakuna nyumba, hakuna mwanamke, macho yanatazama kamera. Maneno kama “maskini”, “jasiri” au “wa asili” hayaonekani kwa macho, kwa hiyo yaende safu ya pili. Watoto wengi huchanganya safu hizi mbili, na hapo ndipo insha huharibika.

Mzazi anaweza kukaa naye dakika 15 na kuuliza maswali mafupi:

“Umeona nini hapa, mwanangu?”

“Mwindaji, mama.”

“Umejuaje kuwa ni mwindaji?”

“Ana upinde.”

“Basi andika upinde kwanza. Uwindaji uweke huku kwenye unachodhani, tutautafutia ushahidi.”

Mama huyo hakumpa mwanawe jibu. Alimwonesha tofauti ya kuona na kudhani tu, na hicho ndicho mwalimu anachokitafuta.

Hatua ya pili: nani kaipiga, kwa ajili ya nani

Picha haijitokezi yenyewe. Kuna mtu aliyesimama nyuma ya kamera, akachagua amwoneshe nani na amwache nani. Mtoto ajiulize maswali manne: nani aliipiga, lini, wapi, na alitaka nani aione?

Swali la “lini” ni muhimu sana kwa Wahadzabe. Wageni wamekuwa wakienda kuwatafiti kwa miaka mingi. Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alifika bonde la Eyasi miaka ya 1930 na kukusanya hadithi zao. Mtafiti James Woodburn alianza kazi yake kwao mwishoni mwa miaka ya 1950. Picha ya enzi hizo haiwezi kutumika kueleza maisha ya leo, lakini mtandaoni picha ya zamani na ya juzi huwekwa pamoja bila tarehe.

Swali la “wapi” nalo lina lake. Watalii wengi huwafikia Wahadzabe kupitia Mang’ola, wilayani Karatu, na hulipa ili wafuatane nao kwenye mawindo. Mgeni aliyelipa kuona upinde atapiga picha ya upinde. Hilo halimaanishi kwamba picha ni ya uongo, maana Wahadzabe wanawinda kweli na ufundi wao wa mishale ni wa kweli. Maana yake ni kwamba picha inajibu hamu ya aliyelipa, na mtoto anapaswa kuliandika hilo.

Atazame pia jina lililo chini ya picha. Maandishi ya zamani huwaita Watindiga. Hilo ni jina walilopewa na wengine. Wenyewe hujiita Hadzabe. Neno moja tu la maelezo linaweza kuonesha picha imetoka mkononi mwa nani.

Hatua ya tatu: kilichoachwa nje

Hapa ndipo insha ya kawaida inapogeuka kuwa nzuri. Mtoto achukue safu ya tatu na kutafuta mambo ambayo picha haikuyaonesha.

La kwanza ni wanawake. Sehemu kubwa ya chakula cha Wahadzabe hutokana na mizizi inayochimbwa, matunda ya porini na ubuyu, na kazi hiyo hufanywa zaidi na wanawake wakiwa na vijiti vyao vya kuchimbia. Picha nyingi zinazosambaa ni za wanaume na upinde. Anayezitazama anaweza kudhani jamii nzima inalishwa kwa mshale.

La pili ni lugha. Kihadzabe kina sauti za kudonoa ulimi, na wataalamu hawajakithibitishia undugu na lugha nyingine yoyote. Hata Kisandawe cha jirani, ambacho nacho kina sauti hizo, hakihesabiwi kuwa ndugu yake. Picha haitoi sauti, kwa hiyo utajiri huo haumo ndani yake.

La tatu ni ardhi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati ya kimila ya eneo la zaidi ya hekta 20,000. Baadaye jamii hiyo ilianza kupata fedha kutokana na kutunza msitu, kupitia biashara ya hewa ukaa. Watu wenye hati ya ardhi na mapato ya hewa ukaa ni watu wa leo, hata wanapokwenda kuwinda.

Kulinganisha na picha nyingine

Mwalimu akiruhusu, mtoto alinganishe picha hiyo na michoro ya miambani. Miamba ya Iramba ina michoro ya kale, na katika mkoa jirani wa Dodoma ipo ile ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kolo kuna michoro myekundu ya watu wembamba, twiga, tembo na swala, na pia michoro myeupe ya nyakati za baadaye.

Tofauti yake ni hii: kwenye mwamba, wenyeji walijichora wenyewe na wanyama wao. Kwenye picha ya simu, mgeni ndiye aliyechagua. Hata hivyo mchoro wa mwamba nao una mipaka yake, kwa sababu waliouchora hawapo tena kuulizwa. Mhadzabe wa leo yupo, na anaweza kujieleza.

Kujenga insha

Safu tatu zikijaa, mtoto aandike hoja yake kuu kwa sentensi moja. “Insha hii inahusu Wahadzabe” ni mada tu, haijawa hoja. Hoja ni kama hii: “Picha hii inaonesha ufundi wa mwindaji, lakini kwa kumwacha mwanamke na kuficha tarehe, inamfanya mtazamaji aamini kuwa Wahadzabe ni watu wa zamani.”

Kisha apange aya tano. Aya ya kwanza itambulishe picha na hoja. Ya pili ieleze kinachoonekana. Ya tatu ijadili mpiga picha na mtazamaji aliyekusudiwa. Ya nne itaje kilichoachwa, pamoja na ushahidi. Ya tano ihitimishe kwa kusema picha inafaa kufundishia nini na haifai kufundishia nini.

Kwa wiki moja, ratiba inawezekana: siku mbili za kutazama na kujaza safu, mbili za kutafuta ushahidi, moja ya kuandika na moja ya kusahihisha. Siku inayobaki ni ya akiba, maana umeme hukatika na bando huisha.

Mzazi asimwandikie. Asimruhusu pia kuchukua insha iliyotengenezwa na programu ya simu, kwa sababu programu hiyo itamrudishia maelezo yaleyale ya watu wa kale.

Kipimo cha mwisho

Kabla ya kukabidhi, mtoto asome insha yake kwa sauti huku familia ikimsikiliza. Mzazi wa Kinyaturu amuulize: ingekuwaje kama picha pekee ya watu wetu ingekuwa bibi kizee mlangoni mwa nyumba ya tembe, bila mashamba ya alizeti, bila mji wa Singida, bila yeye mwenyewe na sare yake ya shule? Mzazi wa Kinyiramba aulize hivyo hivyo kwa upande wake.

Kisha amuulize swali la pili: mtoto wa Kihadzabe akiwa dawati la mbele, ipo sentensi utakayoona haya kuisoma? Kama ipo, mara nyingi itakuwa imetoka safu ya pili, kwenye yale aliyodhani. Airudie hiyo, aitafutie ushahidi au aifute.