Vilima na Maji: Asili ya Makazi ya Nachingwea na Ruangwa

Nchi ya Nachingwea na Ruangwa kwa sehemu kubwa ni tambarare, lakini hapa na pale kilima cha mwamba huchomoza peke yake, mithili ya kisiwa baharini. Mjiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt aliieleza milima ya namna hii ya kusini mwa Tanzania katika kitabu chake cha mwaka 1900, na hadi leo wanajiografia duniani huiita kwa jina lake.

Vilima hivi ni masalia. Kwa mamilioni ya miaka miamba dhaifu ililika, ukabaki ule mgumu. Mvua inyeshapo juu ya mwamba mtupu haipenyi. Hutiririka hadi chini na kuzama katika udongo ulio miguuni mwa kilima. Hapo ndipo kisima huweza kudumu wakati wa kiangazi, ilhali mbali na vilima na mabonde maji huwa haba.

Uhaba huo umeacha alama katika historia. Tarehe 19 Julai 1917 majeshi ya Uingereza na Ujerumani yalipigana vikali Narung'ombe, yakigombea mahali penye visima. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi wa karanga, Nachingwea ilichaguliwa kwa kuwa ilikuwa na ardhi kubwa yenye watu wachache. Uchache huo, kwa sehemu, ulitokana na shida ya maji. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikafungwa mwaka 1962.

Leo mji wa Nachingwea hupata maji ya bomba kutoka chemchemi za Mbwinji wilayani Masasi. Hata hivyo, vijiji vingi vya mbali bado hutegemea visima. Msitu wa miguuni mwa kilima ukifyekwa kwa ajili ya ufuta au kuchomwa moto, udongo hugumu, maji hupita juu yake yakaenda zake, na kisima hukauka kabla ya mvua za Desemba.

Kwa sababu hiyo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zenye kuharibu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mwananchi aonaye chanzo kikivamiwa anapaswa kutoa taarifa mapema kwa serikali ya kijiji au chombo cha watumia maji, kabla kisima hakijakauka.